Je, penye maji pana uhai? Jibu kwa mwalimu wa Lindi kuhusu sayari za mbali

Swali: "Ninafundisha sayansi katika shule ya sekondari iliyo pwani ya mkoa wa Lindi. Wiki mbili zilizopita, nikiwa kwenye mada ya mfumo wa Jua, niliwaeleza wanafunzi wangu kwamba wanasayansi hutafuta maji kwenye sayari nyingine kwa kuwa penye maji pana uhai. Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili, ambaye wazazi wake wanafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, alisimama akasema: 'Mwalimu, jaruba la mwisho kule kwetu limejaa maji na hata kaa haingii. Na kisima cha shule nacho kina maji, ila hayanyweki.' Darasa lilicheka, lakini mimi sikuwa na jibu. Jioni nikasoma kwenye simu kwamba kuna sayari iitwayo K2-18 b yenye bahari na dalili za viumbe. Je, niliwafundisha makosa? Maji yakipatikana kwenye sayari, maana yake panakalika? Na je, ipo siku watu watahamia huko?"

Mwalimu, nakushukuru kwa kuandika, na naomba salamu zangu zimfikie yule mwanafunzi aliyesimama. Hoja aliyoitoa mbele ya wenzake waliomcheka ndiyo hoja inayowagawa watafiti wa sayari hadi leo. Nimeuelewa wasiwasi wako kuwa ni wa mambo matatu: kama kauli ya "penye maji pana uhai" ni kosa, kama habari za K2-18 b ni za kuaminika, na kama safari ya kuhama ipo. Nitakaa zaidi kwenye la kwanza, kwa sababu hayo mengine yanalitegemea.

Kauli yako ilikuwa nusu ya ukweli, na ya mwanafunzi wako nayo ilikuwa nusu. Kila kiumbe tunachokijua, kuanzia kijidudu kisichoonekana kwa macho hadi nyangumi, kinahitaji maji ya kimiminika ili kukua na kuzaliana, kwa kuwa ni ndani ya maji ndimo kemia ya mwili inamofanyika. Kwa hiyo ni sahihi kusema kwamba pasipo maji hatutarajii uhai wa aina tunayoijua. Kosa huingia pale sentensi inapogeuzwa. Anayesema kwamba pasipo kuni hapapikwi hajasema kwamba kila penye kuni pana chakula.

Sasa turudi kwenye jaruba, kwa kuwa majibu mengi yamo humo. Nilikulia Mikindani, na nikiwa mtoto nilizoea kuambatana na wakubwa kwenda kuangalia chumvi. Maji ya bahari huingizwa wakati wa bamvua, kisha huhamishwa kutoka jaruba moja hadi jingine huku jua na upepo wa kusi vikiyapunguza. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Yanapopungua hadi robo hivi, jasi huanza kutulia chini kama utando mweupe unaokwaruza nyayo. Yanapobaki karibu sehemu moja ya kumi, chumvi yenyewe huanza kuganda. Hapo ndipo mwanafunzi wako anaposema hata kaa haingii, na ni kweli haingii. Lakini mwambie ainame, atazame kwa makini siku ya jua kali: mara nyingi maji hayo huwa na wekundu, kama yaliyosuuziwa kanga mpya inayochuja rangi. Wekundu huo ni uhai. Ni mwani wa chembe moja pamoja na vijidudu vinavyopenda chumvi, ambavyo vimejijazia rangi ya kujikinga na jua, na ambavyo ukivitia kwenye maji baridi ya mvua hupasuka vikafa. Jaruba alilolidhani tupu lina wakazi wengi kuliko bwawa la kawaida, ila si wakazi wa kukamatwa kwa wavu.

Hata hivyo hoja yake haijaanguka, kwa kuwa safari ya jaruba haijaisha. Chumvi ikishavunwa hubaki maji mazito, machungu, yenye magnesiamu nyingi, ambayo mafundi huyamwaga. Humo uhai hukwama kweli. Sababu ni kwamba chumvi iliyoyeyuka huyashika maji: kila chembe ya chumvi hujizungushia molekuli za maji na kuzizuia zisifanye kazi nyingine. Wanasayansi hupima uhuru huo wa maji kwa kipimo kinachoanzia 0 hadi 1. Maji safi ni 1, maji ya bahari ni 0.98, maji yaliyoshiba chumvi ya kawaida ni 0.75 hivi, na mpaka wa chini kabisa ambao kiumbe chochote kinachojulikana kimeonekana kuzaliana ni karibu 0.6. Yale maji machungu yakikolea hushuka chini ya mpaka huo. Papa wa chumvi anayetundikwa sokoni haozi kwa sababu hiyo hiyo, maana bado ana maji ndani yake, lakini vijidudu vya kuozesha havipati hata tone la kutumia. Mfano mkubwa zaidi uko Ethiopia, mahali paitwapo Dallol, penye madimbwi ya moto yenye asidi kali na chumvi iliyopitiliza. Mwaka 2019 kundi moja la watafiti lilitangaza kwamba halikupata viumbe hai katika yale madimbwi makali zaidi, ingawa yamejaa maji na yako kwenye sayari ambayo uhai umeenea kila kona. Kwa hiyo mwanafunzi wako amegundua jambo la msingi: maji yanaweza kuwepo na uhai usiweze kuyatumia.

Hilo lina uzito mkubwa tunapofika Mirihi. Mwaka 2008 chombo kiitwacho Phoenix kilichimba udongo wa sayari hiyo karibu na ncha yake ya kaskazini, kikakuta barafu sentimita chache tu chini ya ardhi, na pia kikakuta chumvi za jamii ya perkloreti. Chumvi hizo zinaweza kuyazuia maji yasigande hata kwenye baridi ya karibu nyuzi 70 chini ya sifuri, na watu wengi walifurahi kusikia hivyo. Mimi nakuomba uwaambie wanafunzi wafurahi kwa kiasi, kwa kuwa maji ya namna hiyo yanafanana zaidi na yale machungu ya mwisho wa jaruba kuliko na bahari ya Lindi. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba michirizi myeusi inayojitokeza kwenye miteremko ya Mirihi wakati wa joto ni maji ya chumvi yanayotiririka. Miaka miwili baadaye uchambuzi mpya ulionesha kwamba michirizi hiyo huishia kwenye miinuko ile ile ambayo mchanga mkavu husimama, na sasa wengi wanaamini kuwa ni mchanga unaoporomoka.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya shule hulipita haraka, nalo ni kanieneo ya hewa. Wanafunzi huamini kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100 popote yalipo. Mwambie mwenye ndugu Newala, juu ya Uwanda wa Makonde, apeleke kipimajoto huko: ataona maji yakichemka takriban nyuzi 2 chini ya kiwango cha pwani, kwa kuwa kule juu hewa inayoyakandamiza ni pungufu. Endelea kupunguza hewa na kiwango cha kuchemka kinaendelea kushuka, hadi kufikia mahali ambapo kuchemka na kuganda vinakutana kwenye nyuzi sifuri. Mahali hapo ni kanieneo ya milibari 6 hivi. Pwani tunaishi chini ya milibari 1,013. Wastani wa Mirihi ni karibu milibari 6. Ukimwaga kikombe cha maji safi kwenye uso wa Mirihi, sehemu yake itachemka na sehemu itaganda kwa wakati mmoja, na barafu hiyo nayo itaendelea kugeuka mvuke bila kupitia hali ya kimiminika. Sayari inaweza kuwa na barafu ya kutosha kujaza maziwa na isiwe na mahali pa kuweka hata dimbwi moja.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Februari 2021 gari liitwalo Perseverance lilitua ndani ya bonde la Jezero, ambako mto wa kale uliingia ziwani ukamwaga matope yake na kutengeneza delta, kama Ruvuma inavyomwaga matope yake inapokutana na bahari. Mto huo ulitiririka zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita. Mirihi ni ndogo, moyo wake ulipoa mapema, ngao yake ya sumaku ikazimika, na upepo wa chembechembe kutoka kwenye Jua ukaimega angahewa yake kidogo kidogo. Sehemu ya maji ilitoroka angani na sehemu ikafungwa ndani ya barafu na madini. Watu wa Uwanda wa Makonde wataelewa haya haraka kuliko wengine. Mvua ya kutosha inanyesha pale juu, lakini mchanga unaimeza yote, hakuna kijito kinachobaki, na kwa vizazi vingi wanawake waliteremka mabondeni na ndoo vichwani. Tatizo la uwandani halijawahi kuwa kukosa mvua. Ni maji kutokukaa. Kama ningelazimika kukupa sentensi moja ya kuandika ubaoni badala ya ile uliyoiandika, ningeandika kwamba tunatafuta mahali ambapo maji hukaa.

Hapa lazima nigusie ule ukanda unaotajwa kwenye habari za sayari mpya, ukanda unaofaa uhai. Maana yake ni umbali kutoka kwenye nyota ambao sayari yenye angahewa inayofaa ingeweza kuwa na maji ya kimiminika juu ya uso wake. Tafadhali yasisitize maneno "yenye angahewa inayofaa" na "ingeweza", kwa sababu waandishi wengi wa habari huyaacha. Ushahidi wa kwamba umbali peke yake hautoshi uko juu ya vichwa vyetu kila usiku: Mwezi uko umbali ule ule na Dunia kutoka kwenye Jua, na hauna ziwa wala mto. Dunia yenyewe, kama isingekuwa na gesi zinazofunika joto, ingekuwa na wastani wa nyuzi 18 chini ya sifuri, na bahari yetu ingekuwa barafu. Tunaishi kwenye wastani wa nyuzi 15 kwa sababu ya blanketi la hewa.

Blanketi likizidi, huua. Zuhura, ile nyota ya alfajiri ambayo wazee huiita Ng'andu, inakaribiana sana na Dunia kwa ukubwa, lakini uso wake una joto la nyuzi 460 na zaidi, na hewa yake inakandamiza mara 90 hivi kuliko yetu. Tunawezaje kujua kwamba iliwahi kuwa na maji mengi zaidi? Fikiria mama anayepepeta mpunga kwenye ungo. Makapi mepesi hupeperuka, punje nzito hubaki. Miale ya Jua huivunja molekuli ya mvuke ikatoa haidrojeni, na haidrojeni nyepesi hutoroka angani kwa urahisi kuliko ile nzito. Angahewa ya Zuhura ina haidrojeni nzito kwa uwiano unaozidi wa Dunia kwa zaidi ya mara 100. Ni kama kukuta tabaka nene la chumvi kwenye jaruba lililokauka: maji huyaoni tena, lakini kilichobaki kinakuambia mengi yamekwenda. Kama yaliwahi kutulia kuwa bahari au yalibaki mvuke tangu mwanzo, watafiti bado wanabishana, na hoja za pande zote mbili ni nzito.

Kwa nini Dunia haikwenda njia hiyo? Sehemu ya jibu ni mzunguko wa polepole wa hewa ya ukaa. Mvua huiokota hewa hiyo, huila miamba, na mito hupeleka mchanganyiko baharini ambako huwa chokaa. Chokaa huzama ndani ya Dunia, na volkano huirudisha hewa ya ukaa angani. Joto likizidi, mvua huzidi na hewa ya ukaa hupungua. Baridi ikizidi, kinyume chake hutokea. Kazi hiyo imeendelea kwa mabilioni ya miaka, na mkoa wako una ukurasa wake. Pale Tendaguru, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, matabaka yenye mifupa ya wanyama wa nchi kavu yamepishana na matabaka yenye viumbe wa baharini. Bahari ilikuja, ikarudi nyuma, ikaja tena, takriban miaka milioni 150 iliyopita, wala haikuwahi kuganda yote au kuchemka yote. Ukiwapeleka wanafunzi huko, waoneshe hayo matabaka kabla ya kuwaeleza urefu wa shingo ya mnyama, maana uhai wa mnyama huyo ulitegemea maji yaliyokuwa yamekaa muda mrefu sana kabla yake.

Sasa niingie kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ambayo watoto wa pwani wana haki ya kuielewa kabla ya watoto wa mahali pengine. Kwa muda mrefu ukanda unaofaa uhai ulihesabiwa kwa joto la nyota peke yake, na hivyo kila kitu kilichoko mbali na Jua kilifutwa kwenye orodha. Kilichosahaulika ni bamvua. Mwezi huivuta bahari yetu, na wakati wa bamvua maji ya Mikindani hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu. Mwamba ulio chini ya miguu yetu nao huvutwa, ila kidogo mno hata hatuhisi. Hamia sasa kwenye Mshtarii, sayari yenye uzito wa Dunia zaidi ya 300, na utazame mwezi wake uitwao Europa, ambao huizunguka kila baada ya siku tatu na nusu. Njia yake si duara kamili, kwa kuwa miezi jirani, Io na Ganymede, huivutavuta kwa mpangilio usiokoma. Inapokaribia Mshtarii hukamuliwa, inapojitenga hulegea, kama donge la unga linalokandwa bila kupumzika, na kukandwa huko huzaa joto. Juu ya uso wa Europa kuna baridi ya nyuzi 160 chini ya sifuri hata kwenye ikweta yake. Chini ya ganda la barafu, linalokadiriwa kuwa na unene wa kilomita nyingi, tunaamini ipo bahari yenye maji takriban mara mbili ya bahari zote za Dunia.

Utaniuliza tumeijuaje bahari ambayo hakuna aliyeiona. Chumvi ndiyo iliyoifichua. Miaka ya 1990 chombo cha Galileo kilipopita karibu na Europa kilipima sumaku, kikakuta kwamba ndani ya mwezi huo kuna kitu kinachopitisha umeme na kuijibu sumaku ya Mshtarii inayobadilikabadilika. Barafu haipitishi umeme vya kutosha, na maji safi pia hayapitishi. Maji ya chumvi yanapitisha. Jaribio hili unaweza kulifanya darasani kwa betri, balbu ndogo, misumari miwili na vikombe viwili, kimoja cha maji ya mvua na kimoja cha maji ya jaruba. Balbu itakapowaka kwenye kikombe cha pili, wanafunzi watakuwa wameona kwa macho yao msingi wa ushahidi uliowafanya Wamarekani wakirushe chombo cha Europa Clipper tarehe 14 Oktoba 2024. Kinatarajiwa kufika mwaka 2030 na kuipitia Europa karibu mara 50.

Enceladus, mwezi wa Zohali, ni mdogo zaidi: kipenyo chake ni kilomita 500 hivi, pungufu ya barabara ya Mtwara hadi Dar es Salaam. Lakini mwaka 2005 chombo cha Cassini kilikuta ukirusha mvuke na chembe za barafu kupitia nyufa zilizoko kusini mwake, na kikapita ndani ya marusho hayo mara kadhaa kikionja. Kilikuta chumvi. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba kulikuwa na haidrojeni, dalili kwamba maji ya moto yanagusana na miamba chini ya bahari, na mwaka 2023 uchambuzi wa takwimu zake ulionesha fosfeti, ambayo ni sehemu ya mifupa yetu na ya chembe za urithi. Maji, chumvi ya wastani, nishati na virutubisho, vyote mahali pamoja. Uhai haujaonekana huko. Lakini ukiniuliza mimi ni wapi ningependa tupeleke chombo kabla ya pengine pote, nitakujibu Enceladus bila kusita, kwa sababu ndiyo bahari pekee inayotutemea sampuli zake bila sisi kuchimba.

Nimechelewa kufika K2-18 b kwa makusudi, kwa kuwa ukishayajua hayo ya nyuma habari zake hazitakuyumbisha. Sayari hiyo iko umbali wa miaka ya nuru 124 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), ina uzito unaokaribia mara 9 ya Dunia na kipenyo cha mara 2.6, na hakuna darubini inayoweza kuipiga picha ikaonekana bahari wala bara. Tunachokiona ni nyota yake ikififia kila sayari inapopita mbele yake. Fikiria mvuvi wa dagaa aliyewasha karabai usiku baharini, na wewe umesimama ufukweni ukijaribu kupima ni kiasi gani mwanga umepungua nzi alipokatiza mbele ya taa. Kwa K2-18 b mwanga hupungua kwa sehemu 3 hivi kati ya 1,000. Kisha, ndani ya upungufu huo, watafiti hutafuta sehemu ndogo zaidi ambayo imechujwa na hewa ya sayari, kwa kuwa kila gesi hula rangi zake maalumu za mwanga.

Mwaka 2019 makundi mawili yaliyotumia darubini ya Hubble yalitangaza kwamba yameona mvuke wa maji katika hewa hiyo, na magazeti yakaandika bahari. Mwaka 2023 darubini mpya ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021 na yenye kioo cha mita 6.5, ilionesha metani na hewa ya ukaa, na ikaonekana kwamba ile alama iliyodhaniwa kuwa ya maji inaelezeka vizuri kwa metani. Mwezi Aprili 2025 kundi la Chuo Kikuu cha Cambridge likasema limeona dalili za gesi iitwayo daimethili salfaidi, ambayo hapa duniani hutolewa hasa na viumbe wadogo wa baharini. Sehemu ya ile harufu ya bahari inayokupokea ukiteremka ufukweni inatokana nayo. Makundi mengine yaliyochambua takwimu hizo hizo yalisema dalili ni hafifu mno kutegemewa. Zaidi ya hapo, gesi hiyo imekwisha kuonekana kwenye kimondo-mkia kiitwacho 67P, ambako hakuna kiumbe yeyote, kwa hiyo hata ikithibitika haitakuwa cheti cha uhai. Huenda K2-18 b ina bahari chini ya haidrojeni, na huenda ni mpira wa gesi nzito na moto usio na uso wa kukanyaga. Mimi naegemea hilo la pili, na niko tayari kubadilika takwimu zikibadilika. Waambie wanafunzi kwamba dalili zimedaiwa na hazijathibitishwa.

Sayari zilizothibitishwa nje ya mfumo wetu sasa ni zaidi ya 5,000, tangu watafiti Michel Mayor na Didier Queloz walipotangaza ile ya nyota 51 Pegasi mwaka 1995. Zinazosisimua zaidi kwa ukubwa wake ni zile saba za nyota TRAPPIST-1, miaka ya nuru 40 kutoka hapa. Webb imekwisha kupima mbili za ndani: ya kwanza inaonekana haina hewa ya maana, na ya pili haina hewa nzito ya ukaa. Nyota nyekundu ndogo kama hiyo huwa kali ujanani, na inawezekana imezipepeta hewa za sayari zake zote. Zile za katikati, zilizo ndani ya ukanda, bado zinachunguzwa.

Kuhusu kuhama, nakujibu bila kuzunguka: hapana, si sisi wala wajukuu wa wajukuu wetu. Nyota iliyo karibu zaidi baada ya Jua ni Proxima Centauri, miaka ya nuru 4.24. Chombo cha Voyager 1 kinasafiri kilomita 17 kwa sekunde; kama kingeelekezwa huko, kingefika baada ya miaka 75,000 hivi. Hadi K2-18 b ni zaidi ya miaka milioni 2. Akija mtu shuleni kwenu au kijijini kuandikisha majina na kuchukua fedha kwa ajili ya safari au viwanja vya sayari nyingine, usimlipe, na mpelekee taarifa mtendaji wa kijiji.

Yapo mambo machache ambayo barua haitoshi. La kwanza ni kisima cha shule. Maji yaliyoanza kuwa na chumvi karibu na pwani yanaweza kuwa yamevutiwa na bahari kutokana na kuchotwa kupita kiasi, na yanaweza pia kuwa na mengine yasiyoonjeka kwa ulimi. Chukua sampuli kwenye chupa safi na muipeleke kwenye maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji kupitia ofisi ya maji ya wilaya, na wanafunzi wasiyanywe hadi majibu yatoke. Kuyachemsha huua vijidudu lakini hakutoi chumvi; hukoleza. La pili ni macho. Ukitaka kuonesha namna sayari inavyokatiza mbele ya nyota, tumia taa na gololi, kamwe usimruhusu mtoto kulitazama Jua, awe na darubini au asiwe nayo. Akitokea aliyelitazama na akaona doa katikati ya kila anachokiangalia, apelekwe hospitali yenye daktari wa macho siku hiyo hiyo. Usiku ni salama: hata darubini ndogo ya mkononi, ikiegemezwa vizuri kwenye ukuta, huonesha miezi minne ya Mshtarii kama vinukta vilivyojipanga mstari, na Europa ni mmojawapo.

La tatu ni jaruba lenyewe. Mwombe mwanafunzi wako, kwa ruhusa ya wazazi wake, alete chupa tatu ndogo: moja ya maji yanayoingia kutoka mikokoni, moja ya jaruba ambalo chumvi imeanza kuganda, na moja ya yale machungu yanayomwagwa. Kama hadubini ya shule haitoshi, zipeleke chuo kilicho karibu nawe chenye maabara ya biolojia na mwombe mhadhiri muda wa saa moja akae na darasa lako; wengi hufurahi kuombwa. Kila chupa iandikwe siku maji yalipoingizwa shambani na siku yalipochotwa. Mwanafunzi na aandike pia tarehe ya kwanza alipouona wekundu, kwa kuwa hilo ndilo jambo la kwanza nitakalomuuliza akiniandikia.